Jivu la Moto wa Kijani

Wiki iliyopita nilipiga teke mbabula, lile jiko la makaa, ya jirani. Sufuria ya maharagi iliruka, makaa yakamwagika hadi mlangoni, na watoto waliokuwa wamechuchumaa pale wakipiga makofi wakakimbia kila mmoja upande wake. Jirani akatoka na mwiko mkononi.

"Ya Mwadi! Uko na wazimu? Batoto balikukosea nini? Maharagi yangu ilikukosea nini?"

Nilimwaga ndoo nzima ya maji juu ya makaa, nikaokota vipande vya mti alivyokuwa anachoma, nikavitia katika mfuko na kwenda kuvitupa chooni. Wamama wa njia yetu walisimama wakiniangalia. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba uzee unanipandia kichwani mapema. Na aseme. Yeye hakunusa kile nilichonusa mimi nikiwa bado barabarani: harufu ya kitunguu saumu, wakati ndani ya sufuria ile hakikuwamo kitunguu saumu hata punje moja. Wala hakuona kile watoto walichokuwa wanakipigia makofi. Moto ulikuwa wa kijani.

Kesho yake nilimpelekea jirani maharagi mengine, nikamweleza. Baada ya kumweleza yeye niliona afadhali nieleze na wengine. Na nitasema majina. Watu wa kwetu hawapendi majina, mtu akifa wanapenda kusema ni mambo ya Mungu, na kama si Mungu basi ni mke wa mtu. Mdogo wangu Ngoi hakuuawa na Mungu. Hakuuawa na mama yetu pia, ingawa ukoo wa baba umesema hivyo tangu nikiwa mtoto, na mama amelibeba neno hilo mgongoni mpaka mgongo umepinda.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kolwezi mnakumbuka tulivyojua rangi ya shaba kabla ya kujua kuandika. Jiwe la kijani lilikuwa jiwe zuri. Kijani kilikuwa mfuko wa unga na samaki wa chumvi ambao kampuni iligawa kila mwezi, kilikuwa viatu vya Noeli. Hakuna aliyetufundisha kukiogopa.

Baba yangu, Tata Mutombo, alikuwa fundi wa pampu kule machimbo ya Mutoshi. Siku moja jina lake lilibandikwa ukutani kwenye karatasi ya walioachishwa kazi, pamoja na majina mengine mengi, na baada ya muda mfupi tukatoka katika nyumba ya kampuni, tukahamia nyumba ya matofali mabichi yenye manjanja ya zamani juu, bati zenye matundu zaidi ya kichujio. Baba akanyamaza. Si kwa hasira. Alinyamaza kama redio iliyoishiwa mawe. Mama alikuwa akimwekea bukari, ugali wetu, mezani, naye anaiangalia kama kitu cha mtu mwingine.

Kilichomfufua ni gobori la baba yake. Babu alikuwa mwindaji, na baba wa babu alitoka katika watu waliokuwa wakiyeyusha shaba zamani, katika tanuru la udongo wa kichuguu. Baba alilipaka gobori mafuta, akaingia porini upande wa njia ya Kasaji, akarudi na paa mmoja. Tukala. Akaenda tena. Kisha siku moja, akiwa anakula, akasema anataka kujenga kambi. Lakini si kibanda cha majani cha kulala siku mbili ambacho mvua ya kwanza inakilaza chini. Alitaka nyumba. Ndogo, lakini nyumba, yenye mlango, kitanda, na mahali pa kukaushia nyama, kusudi mtu aweze kukaa huko wiki mbili tatu akirudi na mzigo wa maana.

"Kule," alisema, "hakuna ukuta ya kubandikia karatasi."

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na shule yangu iliishia hapo. Kwa desturi yetu mke wa mwindaji haendi kambini. Mume akiwa porini na bunduki, mke analinda nyumba: hagombani na mtu, hatoi kaa la moto kwa jirani, wala mwanaume mwingine hakalii kiti cha mwenye nyumba. Likitokea baya kule porini, swali la kwanza linaulizwa nyumbani: mke alifanya nini? Kwa hiyo mama alibaki na kitoto kichanga, na mpishi wa kambi nikawa mimi. Ngoi alikuwa na miaka minne na alikuwa mkia wangu, nikienda chooni anangoja mlangoni. Alilia siku mbili mfululizo mpaka baba akasema, haya, aje.

Adui wa nyumba katika pori lile si mvua, ni mchwa. Mti unaousimika mvua zikianza, mvua zikiisha umebaki ganda, ukiugonga unalia kama ngoma. Baba aliliwaza jambo hilo sana. Ndipo akaingia Serafini Kabwita.

Serafini alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu waliokuwa wakisimika nguzo za umeme kando ya barabara. Mnene, mcheshi, kofia ya plastiki kichwani hata siku ya Misa. Aliwahi kucheza mpira na baba. Waliposikilizana, alisimamisha lori lake mahali njia yetu ya porini inapoanzia, akashusha nguzo sita, fupi fupi, zilizovunjika kama alivyosema. Malipo yake yalikuwa mguu wa kila mnyama. Nguzo zile zilikuwa na rangi nisiyowahi kuiona katika mti: kijani cha ndani kwa ndani, kama jiwe la shaba lililolowana. Serafini alizibeba akiwa amevaa glavu za ngozi. Baba alizibeba begani, shati likiwa kiunoni.

"Tata Mutombo, hii miti ilikunywa dawa," Serafini alisema. "Muchwa akikuya, ananusa, anarudia kwabo analia."

"Dawa gani?"

"Ya bazungu. We simika tu! Utakufa, batoto yako batakufa, bajukuu batakufa, hii nyumba itakuwa inabaangalia tu."

Baba alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipotoka nyumba ya kampuni, na kwa ajili ya kicheko kile nilimpenda Serafini papo hapo.

Tulijenga, na siwezi kusema uongo, zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba alipima kwa kamba yenye mafundo, akachimba mashimo sita, akazikata nguzo kwa msumeno zilingane. Unga wa msumeno ulikuwa wa kijani, na vipande vilivyobaki tulivilundika kando ya mlango. Kati ya nguzo tulisuka fito, tukakandika kwa udongo wa kichuguu. Udongo ule tuliukanyaga mimi na Ngoi, tope likitufika magotini, yeye akianguka kwa makusudi ili nimwinue. Juu tuliezeka nyasi, na mahali penye moto tuliweka manjanja mawili ili cheche zisiunguze paa. Mlango ulikuwa kipande cha ule mpira mpana unaobebea mawe machimboni, ambao baba aliupata kwa rafiki. Ulining'inia kwenye bawaba za tairi, mzito, ukiuachia unajifunga wenyewe, pu! Ngoi aliupenda mlango ule. Aliingia na kutoka, aliingia na kutoka, mpaka baba alitishia kumfungia nje na fisi.

Ndani tulipanga kama watu wanaohamia. Kitanda cha fito na kamba za magome. Juu ya moto kichanja cha kukaushia nyama. Rafu ya mbao za kasha. Dirisha moja, kioo cha mlango wa lori, ambacho baba alikichomeka ukutani udongo ukiwa bado mbichi, akakitazama huku kichwa amekilaza upande kama fundi wa Ulaya. Taa ilikuwa kopo la maziwa na utambi. Umeme wenyewe, ule wa nyaya kubwa zinazokata pori, ulipita umbali wa kurusha jiwe, ukienda kwa watu wengine, na upepo ukivuma nyaya ziliimba. Ngoi aliuliza kama umeme unatuona.

Siku ya kuwasha moto wa kwanza ilikuwa imenyesha, kuni zote zimelowa. Baba akachukua vipande vya zile nguzo, vilivyokuwa vikavu chini ya upenu. Serafini alikuwepo, alikuja kuchukua mguu wake, akakaa nasi kwenye kigogo akipiga hadithi. Vipande vilishika. Kwanza moto ulikuwa moto tu. Halafu ulimi mmoja ukageuka kijani, halafu wa pili, kijani chenye bluu pembeni, kinacheza, kinapanda. Nyumba nzima ikawa na rangi ya maji ya mto. Ikaja na harufu, kama mtu anakaanga kitunguu saumu, na mate yalinijaa mdomoni.

Baba alipiga magoti. Mwanaume mzima, fundi wa pampu.

"Mwadi, mama, unaona? Moto ya bankambo." Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kuwataja mababu. "Baba yangu alinielezaka. Tanuru ikikubali, moto inakuwa hivi. Banakubali nyumba. Tata Serafini, unaona?"

Serafini aliuona. Nilikuwa nimemkabili, nilimtazama usoni. Maneno yalimwishia katikati ya hadithi. Aliinuka, akasema anaenda kukojoa, mlango ukapiga pu nyuma yake, na hakurudi. Nilipakua bukari na nyama iliyobanikwa juu ya moto ule, nikamfuata. Alikuwa amekaa mbali, upande upepo unakotoka, karibu na baiskeli.

"Tata, chakula."

"Ah, mama. Mi nilishakula mu njia. Tumbo yangu haipendake nyama ya moshi." Akanisukumia sahani kwa kidole kimoja. "Rudisha. Batoto bale, bakomae."

Nikafikiri ni heshima. Mgeni mkubwa anakataa nyama ili watoto wale! Nilirudi ndani nikamwambia Ngoi kwamba Tata Serafini ni mtu mwema. Ngoi akala sehemu ya Serafini.

Kuanzia siku ile baba aliagiza kwamba kila moto unaowashwa katika nyumba ile uwe na kipande kimoja cha mti wa dawa, bankambo wasisahau njia. Kazi hiyo alinipa mimi, nami niliifanya kwa moyo wote. Baba akiwapo nilitia kipande kimoja. Akitoka nilitia vitatu, kwa sababu Ngoi alipenda.

Sasa nifike kwenye chumvi. Mama alitufungia chumvi katika mfuko wa kitambaa. Baba alinikabidhi na onyo, kwamba porini bila chumvi nyama inaoza na kazi inakuwa bure. Nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha ili nionekane nina nyumba iliyopangwa. Mvua ya upepo ilikuja tukiwa mtoni, na pale ambapo kioo hakikushikana vizuri na udongo maji yaliingia. Nilikuta mfuko umelegea, unadondosha. Sikupiga kelele. Niliutia mfuko katika tundu la kichuguu nikaliziba kwa jiwe.

Baba alikuwa anajiandaa kufuata nyayo za korongo, mnyama mkubwa, wa kulala nje mara mbili. Alibeba muhogo wake mkavu na karanga, akatuachia viazi, majani ya viazi na karanga kidogo. Alipoondoka nilitulia. Nilijua dawa ya kosa langu. Mama alikuwa amenifundisha kutengeneza chumvi ya majivu, kama bibi zetu walivyofanya: unatoboa kopo chini, unaweka nyasi, unajaza jivu, unamwaga maji pole pole, yanadondoka ya rangi ya chai, unayachemsha mpaka yanakauka na kuacha kitu cha kijivu kinachouma ulimi. Jivu nilikuwa nalo tele. Meko yote yalikuwa jivu.

Niliichemsha asubuhi, nikaikwangua, ilijaa kiganja. Nilijivuna. Nilijiona mama mwenye nyumba. Nikaunga majani ya viazi kwa karanga alizotubakizia baba, nikatia chumvi yangu, na Ngoi akala, akaomba tena, akala. Mimi nilionja tu, mate yakawa na ladha ya senti mdomoni, nikadhani ni kopo. Mchana tulikula tena kilichobaki.

Kabla jua halijashuka alianza kutapika. Kisha tumbo likafunguka, maji tupu, maji kama yale ya kuoshea mchele. Nilimwosha mtoni, nikamrudisha, nikamwosha tena. Nami tumbo lilinikata lakini sikujali. Alikuwa ananiambia, "Yaya, miguu yangu inaungua," na miguu ilikuwa baridi. Nilikumbuka kila kitu alichonifundisha mama kuhusu mtoto anayehara: mpe mchuzi, na mchuzi uwe na chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inashika maji mwilini. Nikampikia mchuzi, na chumvi nikaiongeza.

Nimeliandika, basi. Nilikuwa sijawahi kuliandika.

Baba alirudi siku ya tatu na korongo hakumpata. Alimfunga Ngoi mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, mimi akanipakia juu ya baiskeli, akakimbia akiisukuma mpaka barabarani. Tulipofika penye zahanati, nesi alikifungua kitenge, akakifunga tena. Mimi nililazwa. Kucha zangu ziliota na mistari myeupe, ngozi ya viganja ikawa ngumu kama ya mguu wa kuku, na vidole vya miguu mpaka leo sivisikii vizuri, nikikanyaga kaa la moto ninaambiwa na harufu.

Baada ya mazishi, mchana, ukoo ulikaa katika uwanja wetu. Aliyeendesha maneno ni shangazi Ndaya, dada mkubwa wa baba, ambaye sisi tulimwita tata-mwanamuke, maana kwa desturi yetu dada wa baba ni baba. Alikuwa na habari zake tayari. Tukiwa porini upepo ulikuwa umeng'oa bati moja la nyumba, mvua ikaingia juu ya kitanda, na Tata Moke, mzee jirani, akapanda kulipigilia. Aliposhuka mama alimpa maji. Mzee akakaa kwenye kiti cha baba kuyanywa. Shangazi alimkuta hapo.

"Ndugu yangu eko mupori na bunduki," alisema, akizunguka mbele ya watu, "na huyu anakarisha mwanaume ku kiti yake!"

"Yaya, alipigilia manjanja tu," mama alisema. " Mvua ilikuwa inatunyeshea na mutoto."

"Njo ile nasema. Mutoto! Na leo mutoto iko wapi?"

Watu wakaguna. Tata Moke mwenyewe alikuwepo, mzee wa watu, akajaribu kusema kwamba ana wajukuu saba na goti bovu, mtu mmoja akacheka, shangazi akamwambia goti halikumzuia kupanda juu. Baba alikuwa amekaa chini, ukutani, miguu imenyooka.

Ndipo mama akanigeukia. Alinishika mabega yote mawili, mtoto mchanga akiwa amening'inia kifuani pake.

"Mwadi, mama. We njo ulikuwa kule. Niambie muzuri. Mulikula nini? Ulimupikia na nini?"

Alikuwa anatafuta kamba ya kujishikilia, na kamba nilikuwa nayo mimi. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na kosa nililolijua ni moja tu: niliilowesha chumvi. Nilidhani watu wote wale wamekaa pale kutafuta mfuko wa chumvi.

"Tulikula majani ya viazi," nikasema. "Na chumvi yako, ile ulitupatia. Ilitosha."

Mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akaniachia mabega.

Wiki ile ile alipanda treni kwenda kwao Lubudi na mtoto mchanga, kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Mimi nilibaki, kwetu watoto ni wa baba. Baba hakumfukuza kwa mdomo wake. Aliinuka tu, akachukua kile kiti, akakipasua kwa shoka mbele ya watu, na kila mmoja akaelewa. Kwa hiyo mnapohesabu wenye makosa, baba yangu msimwache nje. Nilimpenda. Miaka yote aliyobaki nilimpikia na kumkanda miguu. Lakini nguzo aliziamini kuliko mkewe.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima, mama wa watoto, nikifua nguo za kazi za wanaume wa yadi moja nje ya mji, wanapolaza nguzo. Siku moja nilikuwa nakusanya vipande nikachemshie maji ya kufulia. Mlinzi, kijana wa juzi tu, alinikimbilia.

"Mama, acha! Hapana kuchoma hiyo. Banaiwekaka arseniki. Moshi yake ni mubaya, na jivu, kijiko moja inaua ng'ombe."

Niliketi chini pale pale, juu ya nguo za watu.

Nyumba ya Serafini niliijua. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu, amekonda, kofia bado kichwani. Sikumwamkia.

"Mbona hukula?"

"Kula nini, mama? Njo nani we?"

"Mutoto wa Mutombo. Kambini. Moto uligeuka kijani, we ukatoka nje."

Alianza kuvuta uzi wa suruali yake. "Ku kazi balituambia, hii miti hapana kuchoma. Baba yako aliomba miti ya kujengea. Nikamupa ya kujengea."

"Uliuona moto."

"Niliona."

"Ukanisukumia sahani, nikampa Ngoi."

"Ningesema, angeuliza najua namna gani. Ingejulikana miti ilitoka wapi. Nilikuwa na kazi, mama. Nilikuwa na batoto sita." Akaninyooshea mkono, kama vile tumeshaelewana. "Mungu anajua."

"Mungu hakuwa kapita," nikamwambia, nikatoka.

Baba alikuwa ameshakufa wakati huo. Shangazi Ndaya akafa kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwake. Alibaki mama. Miaka yote nilikuwa nikimtembelea Lubudi, namletea sabuni, namletea wajukuu, tunazungumza habari za kila mtu isipokuwa za Ngoi. Safari ile nilinunua sokoni mabonge mawili ya mpemba, ule udongo mweupe. Kwetu mtu aliyesingiziwa, akionekana hana kosa, anapakwa mpemba usoni na mikononi, anapitishwa mbele ya waliomshitaki, waone.

Nilimkuta mbele ya mlango wake, anauza unga wa muhogo kwa kopo. Nilimweleza yote. Nguzo, moto, glavu za Serafini, mfuko katika kichuguu, chumvi ya majivu, mchuzi. Aliendelea kuchekecha unga, na nilipofika kwenye mchuzi mikono ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Ile siku nilijua unadanganya," alisema. "Ile sura njo mi nilizaa."

"Mbona hukunikaza, mama?"

"Nikukaze mbele ya Ndaya?" Aliukung'uta ungo. "Ungesema ulimupikia kitu, bangeniacha mi, bangekugeukia we. Bangesema mutoto mwenyewe njo mulozi. Mi nilikuwa na kwetu kwa kurudia. We ungerudia wapi?"

Nilitoa mpemba katika kitenge, nikalowesha vidole, nikamwambia anipe uso wake. Aliurudisha nyuma, akaanza kucheka, ana meno manne mbele.

"Unipake, nipite mbele ya nani? Baba yako alikufa. Ndaya alikufa. Nipite mbele ya hii mbuzi?"

Msichana mmoja alikuwa amefika kununua unga, tumbo limemtangulia. Alipimiwa kopo mbili, lakini macho yake hayakuondoka kwenye mkono wangu. Mnajua wenye mimba wanavyoutamani udongo ule.

"Kaku," akamwambia mama kwa aibu, kama mjukuu kwa bibi, "ile mpemba iko ya kuuzisha?"

Mama alininyang'anya bonge lote, akampa.

"Haiko ya kuuzisha. Kula, mama."

Msichana alisimama pale pale mbele yetu akiumega kwa meno, weupe ukimshika midomoni, na mama akamuuliza mimba ina miezi mingapi.